Mkanda wa taekwondo wa mwanangu umefungia pedi za mateke kwenye bodaboda!!! Na nyote mwamjua aliyefanya

MamaMlaleo

Nisameheni, mikono yanitetemeka, naandika buibui bado liko mwilini na chai sijaonja. Ni yule wa daftari la michango. Jina sitaji, sina haja. Kila aliyewahi kupeleka mtoto taekwondo upande huu wa Kisauni amjua, yule wa filimbi shingoni ambaye hata kwenye matanga ataihesabu mikeka.

Leo asubuhi, mbele ya watu, amemfungua mwanangu mkanda kiunoni, kisha akautumia kufungia pedi za mateke kwenye bodaboda. Someni tena. MKANDA. PEDI. BODABODA.

Deni ni shilingi 300. Ni pesa ya mikeka ya raba, ile ya kushikana meno. Jumla ni 1,500, nimeshatoa 1,200, na Alhamisi nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba 300 namaliza Jumatatu. Akanijibu, "Hakuna neno, mama." Hakuna neno! Kumbe neno lilikuwapo, lilingoja watu wajae.

Watoto walikuwa wamepanga mistari, wahesabu kwa Kikorea hana, dul, set, net, daset, sauti yafika mpaka barabarani. Mwanangu yuko mstari wa pili. Ana miaka tisa. Ameanza na mkanda mweupe, akaja manjano, na huu wa kijani ameupata mwezi uliopita baada ya kuifanya pumse, ile mipangilio ya mateke na ngumi, jikoni kwangu kila usiku, mpaka akaipiga teke mbuzi yangu ya kukunia nazi ikapasuka mguu. Sikumgombeza. Nilimwambia ongeza, mwanangu, goti juu zaidi. Huyu mtoto amebandika juu ya kitanda picha ya Faith Ogallo aliyokatiwa gazetini na babuye, yule wetu aliyekwenda Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Kila akilala aitazama.

Basi bwana wa daftari akapiga filimbi. "Charyot!" Wote wakasimama wima. Na wamefunzwa hivyo, ukisikia charyot hutikisiki hata nzi akikutua puani. Akapita akisoma majina. Akafika kwa mwanangu, akainama, akashika mkanda.

Sasa sikizeni hapa ndipo panaponiua. Mtoto alidhani anarekebishwa. Alidhani fundo limekaa upande, mwalimu amnyoosha. Akainua mikono kama anayepimwa na fundi cherehani, AKATABASAMU. Akamtazama na kutabasamu mtu anayemvua! Lile fundo nilifunga mimi nyumbani, mizunguko miwili, ncha mbili sawasawa, wala halikufunguka upesi. Alilichokonoa kwa kucha. Alichokonoa kweli, kama atoaye kombe jiweni. Mtoto mikono juu muda wote ule. Doboki, ile sare yao nyeupe, ikafunguka kifuani, fulana yenye tundu ikaonekana, watoto wa nyuma wakacheka.

"Mkanda ni wa waliolipa." Ndivyo alivyosema. Wallahi kunguru wote wa Mombasa walinyamaza, na kunguru wetu mwawajua, hawanyamazi hata kwa maiti.

Ningemeza hayo. Naapa ningemeza. Lakini akatoka nje na ule mkanda mkononi, kwenye bodaboda iliyokuja kuchukua pedi kuzipeleka kwenye onyesho la kule Kongowea. Mpira wa kufungia umekatika. Akautazama mpira. Akautazama mkanda. Akasema, "Huu unafaa."

HUU UNAFAA.

Akaupitisha chini ya kiti, akauzungusha kwenye pedi sita, akaukaza kwa goti. Mkanda ambao mwanangu haruhusiwi kuuweka chini. Wao wenyewe ndio waliomfunza hivyo, mkanda hautupwi sakafuni, haukanyagwi, hauchezewi. Kwangu wakaa kabatini pamoja na msahafu, rafu ya chini yake. Nimeutia jina kwa uzi mweusi, herufi moja moja, usiku stima imepotea, kwa tochi ya simu. Na ile ncha moja imechakaa kidogo kwa sababu huitafuna akiwa na hofu. Ile ncha ndiyo niliyoiona ikipepea nyuma ya bodaboda kama mkia wa tiara, yaelekea Kongowea na jina la mwanangu.

Sabum mwenyewe, mwalimu mkuu, hayupo, amekwenda Voi na timu kubwa. Angekuwapo haya yasingetokea. Nimempigia mara kumi na moja, simu haipatikani.

Mtoto hajasema neno tangu turudi. Yuko uani, amejifunga kanga yangu kiunoni.

KashataMoto

Nilikuwapo, MamaMlaleo hasemi uwongo. Na amesahau moja. Mwenye bodaboda alimwambia, "Mzee, ngoja nikatafute kamba dukani, ni hapo tu," naye akamjibu hana muda. Duka liko hatua ishirini! Kamba ya katani shilingi 20!

Mzee_wa_Makupa

Uzi mrefu kuliko foleni ya feri, sababu shilingi 300. Lipa, bibi. Mikeka hainunuliwi kwa machozi.

MamaMlaleo

Mzee wangu, shikamoo yako nakupa, lakini hukuiona ile mikono juu. Nitalipa 300, nitalipa 3,000. Nadaiwa mimi. Kwa nini avuliwe mtoto? Angekuja kunivua mimi mtandio pale pale, ningejua twagombana wakubwa. "Huu unafaa." Bado nalisikia.

Ferry_Saa12

Mimi huyo bwana alinidai mwaka jana pesa za mikeka hiyo hiyo. HIYO HIYO. Mikeka gani hii isiyokwisha kulipwa? Ingekuwa nyumba ningeshapewa hati.

KaratekaTudor

Ndiyo maana mimi wangu wako karate. Kwetu nidhamu, heshima, hakuna mambo ya bodaboda. Taekwondo ni kurukaruka tu na kelele.

Kichwa_Pointi3

Karate tena? Karate imeingia Olimpiki mara moja, Tokyo, na Paris 2024 haikuwamo. Taekwondo iko na medali tangu Sydney 2000 mpaka leo. Kurukaruka? Ngumi pointi 1, teke la mwili 2, la kichwa 3, ndiyo maana twaruka. Tazama fainali ya Rio 2016, uzito wa kilo 80. Cissé wa Kodivaa alikuwa nyuma mpaka sekunde ya mwisho kabisa, akazunguka na teke la kichwa, Mwingereza hakuamini. Dhahabu ikaja Afrika. Kwa hiyo, mama, mwambie mtoto atulie, saa haijaisha.

KaratekaTudor

Sekunde ya mwisho ni bahati.

Kichwa_Pointi3

Bahati ni wewe kupata mke.

BintiTudor

Mwagombania Olimpiki na kuna mambo mazito zaidi. Mimi binti yangu aliambiwa na huyo huyo wa daftari avue hijabu ndipo avae kofia ya kinga, ati haitakaa. Nikamwonyesha kwenye simu: Kimia Alizadeh, Muirani, Rio 2016, miaka 18, hijabu ndani, kofia ya kinga juu, medali ya shaba shingoni, mwanamke wa kwanza wa Iran kupata medali ya Olimpiki. Akatazama simu, akasema, "Hiyo kofia ni ya bei." Sasa tatizo ni hijabu au ni kofia? Nikanunua kofia mwenyewe, na sasa kofia yangu ndiyo inayovaliwa na ukumbi mzima, yarudi kwangu imelowa jasho la watoto kumi na tano.

MamaMlaleo

Pole sana dada. Lakini angalau kofia yako yarudi. Mkanda wangu umekwenda Kongowea umekazwa kwa GOTI.

Nyota_ya_Bamburi

Huku kwetu mpwa wangu ana umri wa miaka kumi na moja na ana poom tayari, na hajawahi kuvuliwa kitu. Ukimlea mtoto vizuri hadaiwi.

MbaaziZaNazi

Pole kwa mpwa wako. Pumu na ile mikeka ya vumbi haviendani kabisa, mimi wangu alikohoa wiki mbili. Mpe asali na tangawizi, na usimwache alale na feni usoni.

Nyota_ya_Bamburi

Nimesema POOM, si pumu!! Ni daraja la mkanda mweusi kwa walio chini ya miaka 15, mkanda wenyewe nusu nyekundu nusu nyeusi. Cheti chatoka Kukkiwon, Seoul, Korea! Mtoto ni mzima!

MbaaziZaNazi

Alhamdulillahi. Lakini asali mpe.

Ferry_Saa12

Kuhusu vumbi MbaaziZaNazi asema kweli. Ule ukumbi wafagiliwa lini? Feni nne, moja ndiyo yazunguka, nayo yazungukia upande wa meza ya daftari.

SutiYaHarusi

Si vumbi, ni harusi! Kila Ijumaa usiku ukumbi hukodishwa, Jumamosi watoto waingia wakuta wali umekanyagwa kwenye mikeka. Wangu alirudi na zabibu ya biriani imeganda kisiginoni, nikadhani ni jeraha, nikampeleka zahanati. Kisha saa nne kamili waja wenye viti vya harusi nyingine, watoto wafukuzwa nje wafanye mateke kwenye saruji, jua la saa nne la Mombasa, miguu mitupu. Kodi ya ukumbi twalipa ya mwezi mzima. Nani amekula hizo saa?

KashataMoto

Na wauza mabuyu mlangoni! Doboki nyeupe, vidole vyekundu. Nimefua kwa majivu, nimefua kwa limau, mwanangu aonekana kama ametoka kuchinja.

Mzee_wa_Makupa

Msiguse wauza mabuyu. Yule mama ana wanafunzi watatu wa sekondari kwa hayo mabuyu.

KashataMoto

Mzee, sijamgusa, nimesema vidole.

SutiYaHarusi

Tena mzazi mmoja, naye mwamjua, yule wa koti la kaki, watoto wakipigana yeye husimama pembeni akipiga kelele "Kichwani! Mpige kichwani!" Mtoto wa kike wa miaka saba! Juzi mwamuzi aliwasimamisha watoto, akamtazama yeye, ukumbi mzima ukamtazama, naye akatazama dari.

Kichwa_Pointi3

Koti la kaki ni shemeji yangu. Tutaongea naye.

BintiTudor

Ongea naye leo. Binti aliyekuwa akipigwa kichwani ni wangu, na kofia ilikuwa yangu.

MamaMlaleo

Jamani. Mkanda. Nimetuma mtu Kongowea, pedi zimeshushwa, mkanda hawaujui. Mwenye bodaboda asema aliufungua akauweka juu ya tangi, kisha akapata abiria wa Nyali. Mtoto ameniuliza kama Jumanne aende na kanga.

KaratekaTudor

Mlete kwetu, siku ya kwanza bure, mkanda mweupe twampa.

MamaMlaleo

Mweupe! Baada ya miezi saba! Mtu kala mtihani, kaingia kijani, umrudishe mweupe kwa sababu ya mpira wa bodaboda uliokatika?

Mzee_wa_Makupa

Bibi, nimesoma tena ulipoandika mikono juu. Hapo kakosea. 300 bado wadaiwa, lakini hapo kakosea.

SutiYaHarusi

Wazazi tukutane kuhusu ukumbi Jumapili baada ya alasiri, hapo pa viazi karai mkabala na stejini. Mambo ya feni, harusi na saa zetu.

Ferry_Saa12

Jumapili siwezi, nina hitima Likoni, na mkijua foleni ilivyo wiki hii nitarudi Jumatatu.

Nyota_ya_Bamburi

Enzi za daraja la Liwatoni ungepita kwa miguu.

Ferry_Saa12

Na mama yangu ana miaka 74, nimbebe mgongoni? Kila mtu na daraja, daraja. Jana feri moja tu ndiyo ilikuwa ikifanya kazi, tumesimama saa nzima na mtungi wa gesi...

MbaaziZaNazi

Samahani kuingilia, kuna anayejua wapi nitapata vikinga vya ugoko vya mtoto wa miaka sita? Mwembe Tayari nimezunguka, wana vya mpira wa miguu tu.

KashataMoto

Anavyo yule yule wa daftari, ameviweka kabatini nyuma ya meza.

MbaaziZaNazi

Saizi ndogo bei gani?