Tupeane uzoefu: maumivu ya kichwa ukiwa kwenye dawa za baridi yabisi, lupasi na magonjwa ya aina hiyo (Kigoma na Tabora)

Mama Maandazi, Mwanga

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Nina baridi yabisi, ile inayovimbisha vidole na viwiko mpaka asubuhi kufunga kifungo ni kazi. Natumia methotrekseti (dawa ya kushusha kinga) mara moja kwa wiki, foliki asidi ambayo ni vitamini, na prednisoloni, dawa ya jamii ya homoni inayotuliza uvimbe, miligramu 5 kila asubuhi. Viungo vimetulia, namshukuru Mungu, unga nakanda mwenyewe tena.

Kinachonisumbua ni kichwa. Kuna kile cha Jumamosi, hicho nakijua: Ijumaa usiku nameza methotrekseti, kesho yake kichwa kizito na mwili umelegea, Jumapili nimeamka mzima. Daktari alishaniambia ni dawa, tumezoeana nacho. Sasa kimekuja kingine kisichofuata siku. Kinaanzia kisogoni na kupanda juu, na nikishinda kazini jioni kinakuwa kibaya zaidi.

Huku kwetu kichwa kikiuma jibu la kwanza ni malaria, na si la ajabu: kwenye utafiti wa kitaifa wa 2017 Kigoma ndiyo iliongoza, karibu watoto 24 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea. Lakini mimi nimepimwa, kipimo hakionyeshi kitu, na bado naandikiwa dawa mseto. Naomba wenye dawa kama zangu mnieleze kichwa chenu kilikuwaje, kiligundulika kuwa nini, na aliyegundua alifanyaje.

Wa Kasulu

Pole sana dada yangu. Mimi nina lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Kichwa changu kilikuwa kinaniamsha alfajiri, kinagonga kisogoni na kwenye paji, nikifungua macho naona vimulimuli. Nyumbani walisema ni mawazo maana tulikuwa na msiba. Aliyekamata jambo ni nesi wa zahanati, alikataa kuniandikia chochote kabla hajanipima presha. Ikasoma 170 kwa 110. Wakati huo nilikuwa kwenye prednisoloni miligramu 40, nayo inapandisha presha. Nikapewa rufaa, mkojo ukapimwa, ukakutwa na protini, kumbe lupasi imeshagusa figo. Presha iliposhuka na matibabu ya figo yalipoanza, kichwa kikaondoka chenyewe.

Tangu hapo nikiingia kituo chochote cha afya, hata kama nimemsindikiza mgonjwa, naomba nipimwe presha. Na jambo moja nawasihi: prednisoloni usiikate ghafla kwa hasira eti ndiyo inayokuumiza kichwa. Ukiitumia muda mrefu mwili unapunguza kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Ukikatisha unaweza kutapika, kuishiwa nguvu, presha ikaporomoka. Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari.

Mdau wa Nguruka

Mimi ni vidonda vya utumbo mpana, natumia salfasalazini. Nilipoanza, kichwa na kichefuchefu havikunipa nafasi. Daktari bingwa akashusha dozi, akaipandisha taratibu, na kila kidonge baada ya kula. Kikaisha. Sina zaidi.

Wa Kibirizi

Naandika kwa niaba ya kaka yangu, mvuvi. Ana baridi yabisi na yuko kwenye dawa za kushusha kinga. Kichwa chake kilianza polepole, hakikuwa kikali, hata ziwani aliendelea kwenda. Akimeza dawa ya maumivu kinapungua, kisha kinarudi kikiwa na nguvu zaidi. Jioni homa ndogo. Akatibiwa malaria, akatibiwa taifodi. Baadaye akaanza kukimbia mwanga na kutapika, na usiku mmoja akamwita mkewe kwa jina la dada yetu. Hapo hatukungoja kuche, tukakodi gari.

Hospitalini walimchoma sindano mgongoni kuchukua maji ya uti wa mgongo, wakakuta fangasi kwenye utando wa ubongo. Wengi tunadhani ugonjwa ule ni wa wenye VVU peke yao. Yeye kipimo cha VVU kilikuwa safi. Kinga yake ilikuwa imeshushwa na dawa za viungo. Alilazwa muda mrefu, dripu kila siku. Yuko hai, anaona vizuri, sikio moja tu ndilo limepungua kusikia.

Nawaomba kwa moyo wote: mwenye dawa hizi akipata kichwa kisichoisha pamoja na homa, hata homa ndogo, afikishwe hospitali yenye maabara na aseme dawa anazotumia. Msisubiri shingo ikakamae. Mwenye kinga ndogo wakati mwingine haikakamai kabisa.

Dirisha la Dawa, Kigoma mjini

Nafanya kazi famasi, na haya nayasema karibu kila wiki. Anakuja mtu ana kichwa na mafua, anataka Septrin. Nikijua anatumia methotrekseti siitoi. Zote mbili zinavuruga matumizi ya foliki mwilini, zikikutana uboho unaweza kushindwa kutengeneza damu, na watu wamepoteza maisha kwa hilo. Fansidar nayo ni kundi hilohilo. Kwa hiyo ukifika dirishani, kabla ya kutaja kichwa taja methotrekseti. Mwenye duka hawezi kukisia.

Diklofenaki juu ya prednisoloni pia siipendi, kwa ajili ya tumbo, figo na presha. Parasetamoli ndiyo nafuu, mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na ambaye vipimo vya ini si vizuri amuulize daktari kwanza. Halafu kuna hili ambalo wateja hawaniamini: ukimeza dawa ya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo na kuendelea, dawa yenyewe inaweza kuzalisha maumivu ya kichwa. Zilizochanganywa na kafeini au kodeini ni siku 10 tu.

Binti Ujiji

Mama Maandazi, uliposema kisogo nimeshtuka. Unabeba mzigo kichwani?

Mama Maandazi, Mwanga

Nabeba, mdogo wangu. Beseni la maandazi kila asubuhi, na maji yakikatika ndoo.

Binti Ujiji

Basi nisikilize dada. Mama yangu ana baridi yabisi ya miaka mingi, na alikuwa anauza migebuka, beseni kichwani kutoka mwaloni. Maumivu yake yalikaa pale fuvu linapokutana na shingo, yakipanda mpaka nyuma ya macho. Akigeuka kumwitikia mtu salamu anasikia kitu kinateleza ndani. Kisha vidole vikaanza kufa ganzi na sahani kumponyoka. Nyumbani tuliona ni vidole vyake vilevile vya siku zote.

Daktari wa mifupa ndiye aliyeuliza kuhusu mzigo. Akaagiza eksirei ya shingo, moja mama ameinamisha kichwa, nyingine amekiinua. Pingili mbili za juu kabisa zilikuwa zimelegea, moja inasogea juu ya mwenzake, kwa sababu ugonjwa huu hauli vidole tu, unalegeza hata kano zinazoshika shingo. Mzigo kichwani ukapigwa marufuku siku hiyohiyo, na kukandwa shingo, na kule kuvunjwa shingo kwa kinyozi. Akavalishwa kola, akapewa rufaa ya Mwanza. Pia tuliambiwa kwamba akifanyiwa upasuaji wowote, hata wa jino kubwa kwa dawa ya usingizi, mtaalamu wa usingizi aelezwe habari za shingo mapema.

Sasa samaki wanakwenda kwa toroli, mjukuu anasukuma. Kichwa hakijaisha chote, ila ganzi haijaongezeka. Usikubali kuondoka kliniki bila hiyo picha.

Wa Ipuli, Tabora

Niongeze dogo. Mimi baada ya vipimo vyote ilikuwa kipanda uso, nilichokuwa nacho tangu shule kabla hata ya viungo kuuma. Daktari alikijua kwa kuuliza tu: upande mmoja, kinapiga, kelele zinaudhi. Kwa hiyo na vya zamani vitajeni.

Mama Maandazi, Mwanga

Asanteni sana. Nimepashika, ni palepale fuvu linapokutana na shingo. Na ganzi ya usiku ninayo, nilikuwa sijaitaja popote. Kesho nakwenda, singoji tarehe ya kliniki. Beseni linabebwa na kijana wa baiskeli. Dirisha la Dawa, swali moja: nikikutwa na malaria kweli, dawa zangu nifanyeje?

Dirisha la Dawa, Kigoma mjini

Malaria ikithibitishwa kwa kipimo itibiwe siku hiyohiyo. Methotrekseti, muulize daktari kama uiruke wiki hiyo; mara nyingi husimamishwa mtu akiwa na maambukizi makali. Prednisoloni usiiruke, na ukiitapika rudi hospitali haraka.