Hizi "emonktwari" mnazowauzia wazee wetu mmezitoa wapi?

Wakuu, nina hasira sijawahi kuwa nazo. Shangazi yangu, mtu mzima mwenye presha yake, kapigwa euro 90 hapa Ubelgiji na mtu anayejiita mtaalamu wa tiba asilia. Kaambiwa emonktwari zake, yaani viungo vya kutolea taka mwilini, zimeziba: ini, figo, utumbo, ngozi, mapafu. Kapewa chai ya kusafisha tumbo na plasta za kubandika nyayoni usiku zivute sumu. Asubuhi plasta nyeusi tii, na shangazi kizunguzungu, anashika ukuta kwenda chooni.

Nikachukua plasta mpya nikaishikilia juu ya mvuke wa birika. Ikawa nyeusi vilevile! Birika nalo lina sumu?

Halafu hilo neno wanalotutishia. Asili yake ni Kilatini, emungere, yaani kupenga kamasi. Ndiyo, kamasi. Kwenye Biblia ya Kilatini, Kutoka 25, emunctoria ni vile vifaa vya dhahabu vya kusafishia tambi za taa. Matabibu wa Ulaya ya zama za kati wakalidaka, wakafundisha kwamba kila kiungo kikuu kina pa kutupia taka zake: ubongo nyuma ya masikio, moyo kwapani, ini kwenye kinena. Tauni ilipoingia Avignon mwaka 1348, Guy de Chauliac, daktari wa Papa, aliyaona majipu kwapani na kinenani mwa wagonjwa, na yeye mwenyewe akaugua akapona. Huyo simlaumu, ndiyo elimu waliyokuwa nayo. Zile zilikuwa tezi za limfu zimevimba kwa bakteria ambaye hata hakujulikana mpaka 1894, huko Hong Kong.

Sasa wewe wa leo unayepokea malipo kwa kadi, una kisingizio gani? Figo zinachuja kama lita 180 kwa siku, karibu yote inarudi kwenye damu, mkojo unatoka lita moja au mbili. Zikifeli kweli mtu anawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, hapewi majani ya chai!

Nimempigia simu kudai hela. Kanijibu kizunguzungu ni dalili nzuri, sumu inatoka, na eti shangazi arudi kwa awamu ya pili. Nikakata simu kabla sijamtukana.

Mlioko huku, kuna aliyewahi kurudishiwa pesa na watu wa aina hii? Mlianzia wapi? Risiti ninayo.