Fosforasi imo udongoni, mbona mahindi yanageuka zambarau?

Udongo_Mwekundu: Wakuu, shamba liko magharibi mwa Kenya, pH 5.1 (udongo wa tindikali). Samadi misimu 3, fosforasi jumla iko juu, ila inayopatikana kwa mmea ni kidogo. Fosfatasi, kimeng'enya cha kuachia fosforasi, imekufa?

Mzizi: Haijakufa. Mzizi hunyonya fosforasi ikiwa fosfeti iliyo huru tu, na fosfatasi ndiyo huikata kutoka kwenye mabaki ya viumbe. Shida ni fitati, fosforasi iliyofungwa kwenye mabaki ya mimea: ina fosfeti 6, hung'ang'ania oksaidi za chuma na alumini, kimeng'enya hakiifikii. Hata fosfeti inayokatwa hunaswa palepale. Weka chokaa pH ifike 5.5 hivi, alumini itulie.

Samadi_Kavu: Pima samadi yenyewe. Kaboni ikizidi fosforasi mara 300, vijidudu huikumbatia. Chini ya 200 huiachia. Majani mabichi ya tithonia (alizeti pori) ni bora mno: huwa na fosforasi zaidi ya asilimia 0.25 ya uzito mkavu, kiwango kinachotosha kuiachia. Usifukie mashina magumu.

Maabara2: Kupima fosfatasi: udongo gramu 1 uliochekechwa mm 2, bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ya pH 6.5, p-nitrofenili fosfeti (fosfatasi ikiikata, rangi ya njano hutokea), saa 1 kwa nyuzi 37. Simamisha kwa kloridi ya kalsiamu na hidroksaidi ya sodiamu, chuja, pima njano kwa mwanga wa nm 400. Ukisahau kalsiamu, humasi (mboji ya udongo) huyeyuka na kukupa namba kubwa ya uongo. Na namba kubwa ya kweli mara nyingi ni dalili ya njaa: mizizi ikikosa fosfeti hutoa fosfatasi zaidi.