Nimemaliza stashahada ya wanyamapori: nisubiri TANAPA na TAWA, au nianze na mkataba wa WMA?

Nyumbu Mgeni
Wakubwa shikamooni, vijana wenzangu mambo. Nimemaliza stashahada ya usimamizi wa wanyamapori pale Mweka. Kila niliyesoma naye anaota Serengeti. Mimi nimepata nafasi ya mkataba kwenye WMA moja (eneo la uhifadhi kwenye ardhi ya vijiji, linaloendeshwa na jumuiya yao) inayopakana na Hifadhi ya Ruaha, kazi ni kuratibu VGS, yaani askari wa wanyamapori wa vijiji. Nyumbani wanasema nisubiri ajira ya serikali: TANAPA wanaosimamia hifadhi za taifa, au TAWA wanaosimamia mapori ya akiba. Baadaye ningependa utafiti. Mlioko kazini, mngeanzia wapi?

Mzee wa Kwata
Subiri serikali, kijana. Mapato ya WMA yanategemea watalii na wawindaji, na mwaka 2020 korona ilipoingia tuliona yalivyokauka. Serikalini kuna pensheni na bima. Ila uanze mazoezi mapema, siku hizi ni jeshi usu, kuna kwata na vyeo.

Dada wa Doria
Mdogo wangu, mzee hapo juu hajakosea kuhusu pensheni, ila kuna jambo kalipita. Serikalini huchagui kituo. Utaota Serengeti, barua ya kupangiwa ije imeandikwa Kisiwa cha Rubondo. Unachochagua kweli ni aina ya ardhi, kwa sababu ndiyo inayoamua utashinda unafanya nini. Angalia Pori la Akiba la Selous: mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, tembo walibaki walewale na mbung'o walewale, lakini uwindaji ukakoma na kazi ya askari ikabadilika.

Mimi nipo TAWA, nilianzia pori la akiba. Huko uwindaji wa kitalii ni halali, na ofisa lazima aende na mwindaji. Simba haruhusiwi kupigwa akiwa chini ya miaka 6. Kwa hiyo unakaa na darubini unamtazama pua: ya kijana ni ya pinki, na weusi unazidi kusambaa kadiri umri unavyosogea. Mwindaji amelipa, anahema pembeni yako, mfuatiliaji nyayo anakuangalia, na wewe mwenye mshahara mdogo kuliko wote hapo ndiye wa kusema "huyu hapana". Kama huwezi kusema hapana, au huwezi kuona mnyama akidondoka, usiombe TAWA kwa sababu ya mshahara tu. Hifadhi ya taifa ina doria, moto, barabara na watalii, basi. Nzuri, lakini kwa mgeni inaweza kuwa geti na risiti muda mrefu.

WMA ni ardhi ya vijiji, na huko ndiko ningekupeleka. Sasa hivi nashughulikia migogoro ya tembo na wakulima, na naona wenzangu waliotoka hifadhini moja kwa moja wanavyohangaika. Unaamshwa alfajiri, unakuta mahindi yamelazwa, mabua yametafunwa katikati, kinyesi bado kina mvuke. Unazunguka shamba na GPS kupima eneo lililoharibiwa, mwenye shamba anakufuata nyuma kimya. Ukimaliza anauliza: "Nitalipwa lini?" Hapo umweleze kwamba kifuta jasho cha serikali si fidia, kwamba kiwango kinategemea pia umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na bado kesho akupigie simu akiona nyaya za kutegea nyamapori. Akikununia, doria zako zote ni bure. Darasani tulipewa ukurasa mmoja kuhusu hilo.

Kuhusu utafiti: TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na wenzao watakuuliza shahada, kwa hiyo weka SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, kwenye mipango yako. Huku nyuma jifunze kuchora ramani kwa kompyuta, na hakikisha VGS wako wanaandika mahali na tarehe kila wanapookota nyaya. Daftari la namna hiyo lina thamani kuliko cheti cha semina. Na jifunze kuendesha Land Cruiser kwenye matope, tafadhali.

Nyumbu Mgeni
Asante sana dada. Nikisaini mkataba, si nitakuwa nimejifungia ajira za serikali?

Dada wa Doria
Hapana, endelea kuomba kwenye Ajira Portal kama kawaida. Soma tu kipengele cha notisi, usije ukaitwa kwenye usaili ukashindwa kuondoka.

Mzee wa Kwata
Sawa, nimelegeza. Ila kabla hajasaini ajue nani anamlipa: jumuiya yenyewe, mwekezaji, au mradi wa wafadhili wenye tarehe ya kuisha.

Dada wa Doria
Hapo nakuunga mkono, mzee. Na asiulize ofisini, ofisini watamwambia hali ni shwari. Akae na VGS, awaulize posho ya mwisho waliipata mwezi gani.