XOR, AES au libsodium? Nataka kuficha maandishi mafupi kwenye C

mtu_wa_buguruni: Habari wakuu. Naandika programu ya C ya duka la vipuri Kariakoo, inatunza madeni ya wateja. Bosi hataki vijana wa kaunta wafungue faili wasome nani anadaiwa nini. Nina njia tatu: XOR ya kujiandikia (kila herufi naichanganya na herufi ya ufunguo), tiny-AES-c (msimbo mdogo wa AES, njia maarufu ya kuficha data) na libsodium (maktaba ya kuficha data). Nichukue ipi? Jumamosi nakabidhi.

kamba_mbili: Mkuu mbona ya muhimu hujasema. Windows au Linux? Ufunguo unakaa wapi? Hao vijana wanatumia kompyuta hiyohiyo?

Sinza_Lab: XOR inatosha, mistari kumi umemaliza. Vijana wa kaunta sio wadukuzi.

bibi_baiti: Sinza usimpoteze mwenzio. Kuna ofisi niliitwa kurekebisha programu aliyoiacha jamaa mwingine, XOR hiyohiyo. Sasa herufi ikikutana na inayofanana nayo kwenye ufunguo jibu ni sifuri, na sifuri kwenye C ndio mwisho wa maandishi, jamaa anaficha kwanza halafu anapima urefu kwa strlen ndio anaandika kwenye faili, basi rekodi inakatwa hapohapo. Ufunguo ulianza na M. Mariamu, Mwajuma, Musa, wote rekodi tupu! Ikabidi tuanze kufukua risiti za karatasi moja moja. Na mtu akijua mstari mmoja ulisema nini, anauXOR na uliofichwa, ufunguo huo anao.

kamba_mbili: Hiyo strlen ni kosa la aliyeandika, hata AES inatoa baiti ya sifuri, urefu unautunza pembeni. Tatizo la tiny-AES-c ni jingine: ina namna tatu tu za kuficha, ECB, CBC na CTR, hakuna GCM ile inayogundua mabadiliko, mtu akichezea faili hujui. Na ukitumia ECB, vipande vya baiti 16 vinavyofanana vinatoka vinafanana.

tegeta_gcc: libsodium, funksheni yake ya crypto_secretbox_easy, basi. Ufunguo baiti 32, nonsi (namba ya kutumika mara moja tu) baiti 24 unaichota kwa randombytes_buf, SIO rand() inayotabirika, kila rekodi na yake. Nonsi sio siri, iandike mbele ya rekodi. Faili likiguswa, kufungua kunarudisha -1.

Sinza_Lab: Nonsi 24 na muhuri wa kugundua faili likiguswa 16, baiti 40 za ziada kwa "Juma 15000"? Si litakuwa zito.

tegeta_gcc: Madeni elfu kumi ni KB 400 kaka. Wimbo mmoja unazidi.

mtu_wa_buguruni: Samahani, ni Windows 7, kompyuta moja wote wanaitumia. Ufunguo nimeuweka ndani ya programu.

bibi_baiti: Basi hata uweke nini, mtu akiipitishia strings (programu ya kutoa maandishi yaliyo ndani ya faili) hiyo exe anauona. Bosi aandike nywila kila asubuhi, crypto_pwhash iigeuze ufunguo.

Sinza_Lab: Na akisahau? Madeni yote ndio yameenda.

ubungo_py: Kwani lazima C? Python hii kazi ni ya jioni moja.

kamba_mbili: Mashine ya Windows 7 umpelekee Python ya leo? 3.9 na kuendelea haikubali huko.

ubungo_py: 3.8 inakubali, mbona mnaogopa.

mtu_wa_buguruni: Jamani tubaki kwenye C. Dada bibi_baiti, ya nywila ngoja nimuulize mzee. tegeta_gcc, nimeshusha libsodium, MinGW (gcc ya Windows) inagoma kwenye -lsodium ninapounganisha maktaba, inasema haiioni.

tegeta_gcc: Umechukua folda ya win32 au win64? Na gcc yako ni ya biti ngapi?