Wageni wanakuja Mtwara Agosti: siku nne, gari ni IST, tuwapeleke wapi?

Mkazi wa Shangani:
Wakuu, mwishoni mwa Agosti tunapokea wageni hapa Mtwara mjini: mzee wa miaka sabini na ushee, mkewe, na wajukuu wawili wa shule ya msingi. Mikindani na Msimbati tayari viko kwenye ratiba. Je, Kilwa inaingia humo? Na Tendaguru walikochimba mifupa ya dinosaria, pana cha kuona? Naomba habari za njia, vibali na maji.

Nahodha wa Masoko:
Kilwa inaingia, ila ipeni siku mbili na mlale Kilwa Masoko, mji ulioko bara. Kutoka Mtwara ni karibu kilomita 300 za lami. Mkifika Nangurukuru mnachepuka kulia. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni kuwachosha wazee bure.

Kibali cha kutembelea magofu kwanza, boti baadaye. Kinatolewa ofisini hapohapo Masoko, mnalipia na mnapewa mwongozaji. Mtanzania na mgeni wa nje hawalipi sawa, kwa hiyo bebeni vitambulisho. Wanaokwama ni wale wanaoshuka moja kwa moja ufukweni, wakaelewana na nahodha, kisha wakarudishwa kutafuta karatasi huku maji yanakupwa.

Agosti pepo za kusi bado zinavuma na huzidi baada ya adhuhuri, kwa hiyo ondokeni saa moja na nusu asubuhi. Kuvuka hadi Kilwa Kisiwani, kwenye magofu, ni kama kilomita mbili. Elewaneni bei moja ya kwenda, kusubiri na kurudi. Kagueni majaketi ya kuokolea kabla ya kupanda, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto.

Mtaanzia Gereza, ngome ya Wareno ya 1505 iliyojengwa upya na Waomani. Kisha Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11. Hapo msipite haraka. Sogeeni kwenye kibla mtazame zile kingo zilizochongwa: ni matumbawe yaliyotolewa baharini, yakachongwa yangali mabichi na laini, yakawa magumu yalipokauka. Ukiangalia kwa karibu vitundu vyake bado vinaonekana. Husuni Kubwa iko mbali kidogo, juu ya genge. Ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika 1331, na lina birika la pembe nane. Mzee akiwa na magoti mabovu apumzike kivulini msikitini, wengine waende.

Vaeni nguo za heshima. Kisiwani ni kijiji cha watu, si magofu matupu.

Mkazi wa Shangani:
Shukrani sana mkuu. Na Songo Mnara, kisiwa kile kingine chenye magofu?

Nahodha wa Masoko:
Kwa uzuri wa nyumba, Songo Mnara naipenda kuliko Kisiwani: misikiti mitano, kasri, na nyumba za mawe zipatazo 33 ndani ya ukuta. Tatizo ni kushuka. Maji yakiwa yamekupwa boti inabaki mbali, na mnatembea kwenye maji na matope ya mikoko. Mzee wa sabini hapana.

Kama mnaitaka kweli, hesabuni mwezi. Pwani yetu siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa saa kumi hivi na kupwa saa nne; kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo tarehe 10 au 25 ya mwezi wa Kiislamu maji hujaa karibu na saa sita mchana. Hapo mnaingia yakiwa yanajaa na kutoka kabla hayajakupwa sana. Mkichelewa kule, boti inakaa juu ya matope na mnasubiri maji mengine.

Mama Ruvula:
Kuhusu Msimbati: IST mwisho wake kijijini. Kutoka hapo kwenda ufuko wa Ruvula ni mchanga mkavu mzito, na gari la chini linakaa kwa tumbo. Mwenye gari la magurudumu manne yanayovuta apunguze upepo wa tairi hadi presha 18 hivi, asikanyage breki ghafla, na awe na pampu ya kujazia akirudi lami. Ninyi acheni gari kijijini mtembee.

Ile ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, ya tangu 2000, kwa hiyo kuna ada, na watoto wasiokote matumbawe wala kombe. Jambo la kuwaambia mapema: Ruvula bahari inazama ghafla karibu kabisa na ufuko. Mtoto anaona maji ya magoti, hatua chache mbele hakuna chini. Aogelee na mtu mzima mkononi. Agosti pia ni msimu wa nyangumi kupita, lakini mtu asiahidiwe nyangumi.

Mwana wa Newala:
Mbona mmeisahau nyanda ya juu? Shimo la Mungu pale Newala: uwanda wa Makonde unakatika ghafla, chini bonde la Ruvuma, ng'ambo Msumbiji. Asubuhi za baridi ukungu hufunika bonde, nendeni kuanzia saa nne. Msisogee ukingoni, udongo ni wa kichanga na unamomonyoka. Mchanga huohuo ndio unaofyonza mvua yote, ndiyo maana wazee wetu walishuka bondeni kuteka maji. Barabara ulizeni madereva wa mabasi ya Newala siku moja kabla.

Mkaanga Korosho, Lindi:
Tendaguru kwa safari hii iacheni. Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913, na mifupa ilibebwa vichwani na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Kiunzi kikubwa cha dinosaria chenye kimo cha mita 13.27 kimesimama Berlin mpaka leo. Pale palipobaki ni kilima na pori, hakuna jengo wala maonyesho, na njia si ya IST. Anayekwenda apitie kwanza ofisi za wilaya Lindi na apate mwenyeji kutoka kijiji cha Mipingo. Akikuta kipande cha mfupa akiache palepale, kuondoka nacho ni kosa kisheria.

Siku iliyobaki ipeni Mikindani, kilomita kumi tu kutoka mjini. Boma la Wajerumani la 1895, nyumba yenye kibao cha Livingstone (Machi 24 hadi Aprili 7, 1866), na milango ya nakshi mtaani. Anzeni saa kumi jioni, jua likishapoa, maana mtaa wote ni wa kutembea kwa miguu.