Naomba ushauri: misimbo ya vipande vya bomu vilivyobaki mwilini

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Mimi ni mtunza kumbukumbu za wagonjwa, natumia ICD-10-CM (orodha ya misimbo ya magonjwa na majeraha inayotumika Marekani), na hapa nimekwama.

Mgonjwa ni askari mstaafu. Alirushiwa guruneti vitani miaka 9 iliyopita, akatolewa vipande kadhaa pajani kushoto, vingine vikaachwa kwa sababu viko karibu na mshipa mkubwa wa damu. Kidonda kilipona zamani. Sasa analalamika maumivu, na eksirei imeonyesha vipande 3 vya chuma. Aina ya chuma haijulikani; faili la upasuaji wa kwanza halipatikani (ya kawaida hayo).

Nimeandika M79.5 kwa kitu kilichobaki kwenye nyama, na Z18.10 kwa kuwa hatujui kama chuma kinavutwa na sumaku. Mwenzangu anakataa. Anasema haya ni madhara ya jeraha la zamani, hivyo niongeze msimbo wa S71 (jeraha wazi la nyonga au paja) wenye herufi S mwishoni, inayoonyesha madhara ya baadaye, pamoja na Y36 ya vita. Nimesoma maelekezo mara mbili na bado naona kila mmoja wetu ana hoja.

Naomba mnisaidie: S71 yenye S inaandikwa pamoja na M79.5, au moja inatosha? Na kwa madaktari: daktari wetu ameomba MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku kali). Je, nimkumbushe kuhusu vyuma hivyo na kuuliza kama CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) ingefaa zaidi, au navuka mipaka yangu?